Mwano Nilioupiga Nyuma ya Zizi

Mjomba wangu amepigwa na watu wa upande wake mara mbili maishani, na mara zote mbili mwenye kosa ni mimi. Naandika haya nikiwa kidato cha tatu, na yeye mwenyewe yuko hapo nje anakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kunisengenya kwa bibi, kwa hiyo mwisho mmeshaujua: hajafa. Nimesema mapema kwa sababu binafsi sipendi wale wanaosimulia habari za mgonjwa halafu wanakubania mpaka ukurasa wa mwisho.

Mara ya kwanza nilikuwa darasa la sita. Kwetu ni kijijini, mwendo wa bodaboda kutoka Kharumwa, na kama vijiji vingi vya Wasukuma tuna sungusungu. Sungusungu ni walinzi, na walinzi wenyewe ni wanaume wa kijiji hicho hicho. Hawana bunduki. Wana fimbo, na wana mwano. Mwano ni ukelele wa kuomba msaada. Mtu akiibiwa ng'ombe au akivamiwa anapiga mwano, na kila mwanaume anayeusikia anaacha alichoshika, hata kama ni tonge, anakimbilia sauti ilikotoka huku naye akiupokeza kwa walio mbele. Hakuna anayesimama kuuliza mwizi ni nani na amevaaje. Anayeuliza anachelewa, na anayechelewa anatozwa faini.

Siku hiyo tulikuwa tunachuma pamba kwa bibi. Jua lilikuwa la kuchomea mahindi. Nikaomba ruhusa ya kwenda kujisaidia, nikazunguka nyuma ya zizi, nikapiga mwano. Niliupiga vizuri, maana kama nina kipaji chochote duniani basi ni koo. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: watu watakimbia, pamba itaachwa, nami nitajilaza kivulini nusu saa wakati kijiji kizima kinamtafuta mwizi ambaye hayupo.

Mwizi akapatikana.

Alikuwa mjomba, mdogo wake mama, anarudi kutoka machimboni upande wa Bulyanhulu. Alikuwa amepakaa vumbi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kuanzia nywele mpaka kope, mweupe kama mzimu. Na mabegani alikuwa amembeba mbuzi wa bibi, ambaye alimkuta amenasa kwenye miba njiani. Mtu asiyetambulika, kabeba mbuzi wa watu, na mwano umelia. Fimbo ya kwanza ilimpata begani, ya pili kiunoni, mbuzi akaruka, na ya tatu ilikuwa tayari hewani ndipo mmoja wao akaitambua sauti yake.

"Ngosha, kumbe ni wewe?" Ngosha ni mwanaume kwa Kisukuma, ndivyo wanavyoitana.

"Mlitaka niwe nani?"

Aliyempiga fimbo ya kwanza alikuwa amelinda naye zamu moja wiki iliyopita. Wakamwinua, wakamkung'uta vumbi, halafu kamanda wao akauliza nani amepiga mwano. Mjomba, akiwa anajikanda bega, akanitazama. Mimi nikaitazama pamba kwa mapenzi makubwa ambayo sijawahi kuwa nayo kabla wala baada ya hapo.

"Nilisikia kama umetokea bondeni," akasema. "Labda watoto wa ng'ambo."

Jioni alinivuta pembeni. "Sauti yako naijua hata nikiwa chini kwenye duara," akasema, na duara ni lile shimo wanaloshukia kuchimba. "Usirudie." Basi. Hakumwambia mtu yeyote, na familia yetu haikutozwa faini. Nilimshukuru kimoyomoyo tu, jambo ambalo ni rahisi na halichoshi.

Mara ya pili ilikuwa mwaka jana, likizo ya Juni, nikiwa kidato cha pili.

Mwalimu wa baiolojia alikuwa ametufundisha kinga ya mwili, nikashika nafasi ya kwanza kwenye mtihani, na bibi akaanza kuniita daktari. Ilikuwa utani. Mimi sikuuchukulia kama utani. Mtoto wa jirani akikohoa namwambia afungue mdomo. Mjomba alipokuja na kidonda cha mguu, jiwe lilimchubua chini huko na kidonda kikagoma kupona, nikakikagua nikiwa nimekunja uso kama nimesomea. Kisha nikaenda kwenye kabati la marehemu babu. Babu alikuwa ameacha kopo la vidonge vya salfa, limebaki nusu, alivyopewa kwa matatizo yake ya mkojo. Babu alivinywa wiki nyingi na hakuna kilichomdhuru. Nikachana karatasi ya daftari, nikafunga vidonge, na juu yake nikaandika kwa mwandiko wangu bora: mbili asubuhi, mbili jioni, MALIZA DOZI.

"Sitaki nisikie umeacha katikati," nikamwambia. "Wadudu watakuwa sugu."

"Sawa, daktari."

"Na shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba."

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

Kidonda kilianza kukauka, nikajivuna. Wiki ya pili ikiwa inaelekea ukingoni, mjomba akaamka na homa, macho mekundu, koo linauma. Tukasema mafua. Kesho yake vidoadoa vyeusivyeusi kifuani, midomo imevimba. Siku iliyofuata alikuwa na malengelenge kama mtu aliyemwagiwa uji wa moto, na uji haukuwepo. Bibi akachukua kitambaa kibichi amfute mkono. Ngozi ikatoka na kitambaa. Ilitoka kirahisi, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Bibi akakiweka kitambaa chini polepole, akasema tu, "Mayu." Kwa Kisukuma hilo ni neno la kumwita mama, na mama yake bibi alishafariki miaka mingi.

Majirani walishapata jibu. Kwenye ukanda huu wa dhahabu, mchimbaji akipatwa na jambo la ajabu watu wanasema ndagu, yaani dawa ya utajiri aliyoichukua kwa mganga wa kienyeji imemgeukia. "Ndagu hiyo," mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, kwa mnong'ono wa kusikika mpaka barabarani. Na niseme ukweli: niliposikia hivyo nilipata nafuu. Kama ni ndagu basi si mimi. Nilikuwa tayari nimeshaanza kuwaza, maana kitu kipya pekee kilichoingia mwilini mwa mjomba mwezi ule kilikuwa kimetoka mikononi mwangu.

Mganga wa zahanati alimtazama kwa muda mfupi sana. Akauliza, "Alikuwa anatumia dawa gani?"

"Hana dawa," bibi akajibu. "Kidonda tu, alikuwa anakifunga na majani." Hakuwa anadanganya. Kwake yeye, vidonge vyangu vilikuwa mchezo wa watoto.

Mimi nilikuwa nasoma tangazo ukutani. Tangazo lilisema tumalize dozi.

Mganga akaandika rufaa ya Shinyanga mjini bila kutupotezea hata dakika, na namshukuru kwa hilo. Usafiri tulipewa na mzee mmoja Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kharumwa. Mjomba alikuwa mteja wake wa koleo na kamba. Mzee aliteremsha mifuko ya saruji kutoka kwenye gari lake, akatoa dukani godoro jipya ambalo bado liko kwenye nailoni, akachana nailoni kwa meno. Bibi akaanza kusema godoro litachafuka. "Mama, godoro linafuliwa," akasema. "Pandeni." Mpaka leo nikipita pale namwamkia kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, na yeye anaitikia bila kunyanyua macho.

Hospitali walimpa chumba peke yake. Muuguzi wa chumba kile alikuwa mama mnene kidogo, mkali, anayetembea bila kutoa sauti. Aliweka kitu kama upinde juu ya kitanda ili shuka isiguse mwili. Alifunika sehemu zilizochubuka kwa vitambaa vilivyolowekwa mafuta, taratibu kama anayefunika vifaranga. Daktari alikuwa dada mdogo tu. Naye akauliza lile lile: dawa gani, lini, nani alimpa. Bibi akajibu lile lile. Nikanyamaza tena. Mara ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza, na hilo ndilo linalonitisha mpaka sasa.

"Ngozi huwa inaota," nilimsikia muuguzi akimwambia bibi. "Lakini kwanza tumvushe yeye. Akivuka, ninachokiogopa ni macho. Yanaweza kushikana na kope, ukampata mtu mzima na macho hakuna."

Asubuhi yake bibi alikwenda kutafuta uji. Nikabaki na mjomba. Midomo yake ilikuwa imeganda damu, macho yamefumba, hawezi hata kumeza mate. Akanyanyua kidole kuelekea ukutani, ilipotundikwa suruali yake. Nikadhani anataka kitambaa. Akatikisa kidole, hapana. Nikapekua mfuko. Humo ndani mlikuwa na karatasi yangu ya daftari, imechakaa kwa kufunguliwa na kufungwa, na ndani yake vidonge vinane.

Alikuwa anadai dozi ya asubuhi.

Mtu yule ngozi inambambuka, mdomo ni kidonda kitupu, na bado alikuwa anamaliza dozi kwa sababu mpwa wake amemwambia amalize. Nikahesabu siku nyuma: jana jioni alikuwa amemeza mbili kwa taabu kabla hatujafika mjini, nilimwona akimeza kitu nikageuza uso. Kama ningeendelea kunyamaza, angekunywa hata vile vinane, na kama si kwa mkono wangu basi kwa mkono wa bibi, ambaye angevipata mfukoni na kumwonea huruma.

Nikamfuata daktari koridoni. Mimi ninayesikika ng'ambo ya bonde, sauti ilitoka kama ya panya.

"Ni mimi nilimpa," nikasema, nikamnyooshea karatasi.

Akaifungua, akasoma, akanusa kidonge. "Salfa. Tangu lini?"

Nikamwambia siku zote, hata ya jana jioni. Nilisubiri kofi. Akaandika kwenye faili kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini mara mbili, akamwita muuguzi akamwonyesha. Ndipo akanigeukia.

"Umechelewa siku moja," akasema. "Hujachelewa siku mbili. Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu ni kuiacha dawa iliyouleta, na bila wewe tusingeijua. Huenda hata sisi tungekuja kumpa ya ukoo huo huo."

Nikauliza kama salfa ndiyo iliyomchoma.

"Hapana. Salfa haichomi. Waliomchoma ni askari wake mwenyewe. Mmesoma chembe nyeupe za damu?"

Nikasema nilikuwa wa kwanza darasani, na mara hiyo tu sikujisikia fahari. Akachora nyuma ya ile karatasi yangu. Zipo chembe nyeupe zinazoitwa T. Kazi yao ni kupita mwilini zikikagua chembe nyingine, moja moja, na zikiikuta iliyoingiliwa na kirusi zinaiua ili isiambukize wenzake. Kwa watu wachache sana, waliozaliwa na alama fulani kwenye chembe zao, dawa kama salfa inajibandika kwenye alama ile, na chembe ya ngozi ambayo ni nzima kabisa inaonekana ngeni. Chembe T moja inaona adui. Inaita wenzake, nao wanaita wenzao. Wanamwaga sumu inayotoboa chembe za ngozi, chembe zinakufa kwa maelfu, tabaka la juu linaachana na la chini, maji yanajaa katikati. Hilo ndilo lengelenge.

"Babu alikunywa hizo hizo," nikasema.

"Babu hakuwa na alama hiyo. Au hakuwa na bahati mbaya hiyo. Kwa kumwangalia mtu usingejua, ndiyo maana dawa haigawiwi kutoka kabatini."

Hapo alisema taratibu, bila kunigombeza, na nilitamani angenigombeza. Lakini kitu kingine kilikuwa kimeshaniingia kichwani. Nilikuwa naliona bega la mjomba, vumbi la karasha, na mbuzi. Watu wa upande wake, wamesikia ukelele, wamekuta mtu wao amepakaa kitu wasichokijua. Nani asimame kuuliza?

Kazi yangu ilianzia hapo. Muuguzi alisema kwa kuwa nina mikono na nina deni la roho, nitashughulika na macho. Kila saa, tangu asubuhi mpaka jua linazama, nilimwekea matone; yeye mwenyewe alichukua zamu ya giza. Mara mbili kwa siku alikuja na kijiti laini cha kioo, akakipitisha ndani ya kope ili zisishikane na jicho. Mjomba hakulia. Mimi nililia kwa niaba yake, muuguzi akasema machozi yangu hayana dawa niyapeleke nje.

Nikajaribu kumchangamsha kwa kumsimulia vituko vya shule. Akacheka, midomo ikapasuka, damu. Muuguzi akanipiga marufuku kuchekesha ndani ya chumba kile. Sijawahi kupata adhabu nzito namna hiyo, na nimewahi kung'oa visiki viwili vya mwarobaini. Ikabidi nimsomee notisi za jiografia. Alilala kama mtoto.

Kwa siku kadhaa homa ilipanda na kushuka na daktari alikuwa anakuja hata asipoitwa. Bibi hakuniambia neno kuhusu vidonge. Alikaa upande wa pili wa kitanda akisali, na siku moja, bila kunitazama, akanisogezea nusu ya chapati yake. Nilijua nimesamehewa, au angalau nimesamehewa nusu. Kisha homa ikashuka na haikupanda tena. Vidonda vikaanza kukauka, na chini yake ngozi mpya ikaonekana, laini, ya rangi ya waridi na kahawia, kama ngozi ya mtoto mchanga aliyopewa mtu mwenye ndevu.

Kabla ya macho, mdomo ndio ulipona. Neno lake la kwanza lilikuwa "maji." Alipokunywa nikamweleza yote, kwa sababu nilikuwa nimejiapiza. Kopo la babu, kunyamaza mara mbili, karatasi. Nikamweleza na zile chembe T, jinsi zinavyoitana na jinsi zisivyouliza. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nikafikiri amelala.

"Kwa hiyo," akasema polepole, kila neno likimgharimu, "nimepigwa na sungusungu mara mbili. Na mara zote mbili mwano umeupiga wewe."

Bibi akainua kichwa. "Mwano gani?"

Nikaanza kurudi nyuma.

"Wa pamba," mjomba akasema. "Ule wa mbuzi."

"Kumbe ni huyu?"

Bibi akainama kutafuta ndala. Muuguzi aliingia akamkuta mgonjwa anacheka kwa puani ili midomo isipasuke, bibi ana ndala mkononi, na mimi niko chini ya kitanda cha mjomba. Alisema tu kwamba wodi si uwanja wa mpira.

Macho yalifunguka siku tatu baadaye, jicho la kulia kwanza. Muuguzi alikuwa amefunga pazia ili mwanga usimuumize. Akamfuta, akamwambia ajaribu taratibu. Kope zikatikisika, zikaachana. Nilikuwa nimeshika kichupa cha matone na nilikuwa nimekiminya bila kujua, kimemwagika chote kwenye sketi yangu. Mjomba akatazama dari. Akatazama dirisha. Kisha akanigeukia, akanikazia jicho kwa muda mrefu mpaka nikadhani haoni.

"Pua bado ile ile," akasema. "Nilidhani wamekurekebisha."

Sijawahi kutukanwa vizuri hivyo. Muuguzi aligeukia ukuta akajifanya anapanga bandeji.

Si kwamba kila kitu kilirudi. Kucha zilimdondoka zote zikaota upya zenye mabonde. Ana mabaka mgongoni. Macho yanakauka, kwa hiyo ana matone yake na miwani myeusi inayomfanya aonekane kama msanii aliyefulia, na machimboni hashuki tena kwa sababu ya vumbi. Siku hizi anakwenda Nkome, ziwani, kuchukua dagaa na kuwauzia wachimbaji wenzake. Lakini anaona. Anaona kiasi cha kusoma ripoti yangu ya shule na kuuliza maswali yasiyo ya lazima. Nilirudi mjini na bibi kumpelekea yule muuguzi kuku na karanga. Alimpokea kuku, akamshika miguu kwa ustadi, akaniuliza kama bado nagawa dawa. Nikasema hapana, mama. Akasema wabeja, yaani asante, kwa Kisukuma chetu kabisa, na mimi ndiye niliyetakiwa kusema neno hilo.

Daktari alimpa mjomba kadi ya kuvaa shingoni inayosema asipewe salfa wala dawa za ukoo wake maisha yake yote, kwa sababu chembe zile zina kumbukumbu na safari nyingine zingekuja upesi zaidi. Kadi ni nzuri. Mjomba anaisahau kwenye suruali nyingine.

Mwezi uliopita alipata kikohozi, nikamsindikiza zahanati. Kulikuwa na mganga mpya, kijana mpole, na foleni ndefu ya akina mama wenye watoto. Mjomba akajipapasa shingo, akajipapasa mfuko, hakuna kadi. Mganga alikuwa ameshashika kalamu. Mjomba akaniangalia kwa ile miwani yake, akanisukuma mbele kidogo kwa kiwiko.

"Haya," akasema. "Piga."

Nikavuta pumzi. "Huyu hapewi salfa," nikasema, na watoto wote kwenye foleni wakaacha kulia. Mganga akaweka kalamu chini, akaniuliza kwa nini, na nikamweleza kuanzia mwanzo.